Miaka Mitatu Ndani ya Shubiri

Kuna wakati Unguja haikuwa kisiwa. Takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeifunika Kanada na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120 kuliko leo, na mtu wa upande wa Bagamoyo angeweza kufika Unguja kwa miguu. Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenga na Tanga una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo hata bahari iliposhuka kiasi hicho, Pemba ilibaki imezungukwa na maji.

Mimi ni mtu wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Baba yangu alikuwa nahodha, na jahazi lake lilichukua boriti, chokaa na nazi baina ya Tanga, Pangani na Pemba. Nilikulia kwenye maneno ya bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, na ya pepo za kusi na kaskazi. Lakini habari hii ya Unguja sikuipata kwa baba wala darasani kwetu. Niliipata Copenhagen, ndani ya chumba chenye baridi ya zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa ameshika msumeno.

Nilikuwa nimemaliza jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nafasi ya masomo iliyopatikana ilikuwa ya barafu, nikaikubali. Mwalimu wangu alikuwa mtaalamu wa barafu aliyekaribia kustaafu, mwanamke mwenye sauti ndogo, aliyekaa misimu mingi juu ya bamba la barafu la Greenland. Ninaposema bamba msifikirie barafu ya ziwani. Pale katikati ya Greenland unene wake unapita kilomita tatu. Ni theluji iliyoanguka juu ya theluji kwa zaidi ya miaka laki moja, ya chini ikikandamizwa na ya juu mpaka ikawa jiwe.

Ndani ya chumba kile hukai kwa raha. Nilivaa koti linalofika magotini, mtandio chini ya kofia ya sufu, glavu juu ya glavu. Kalamu za wino hazikuandika, tulitumia penseli. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kupokea miche ya barafu iliyochimbwa Greenland, mirefu, ya mviringo, yenye kipenyo cha karibu sentimita 10, kuipangusa, kuipima, kuipasua kwa urefu, na kuandika kila kipande kilitoka kina gani. Baadaye nilipewa kifaa chenye ncha mbili za umeme kinachoburutwa juu ya barafu. Pale ambapo volkano ililipuka zamani, theluji ya mwaka ule ilianguka na tindikali, na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Volkano ya Laki ya Aisilandi, iliyolipuka mwaka 1783, imo mle. Tambora ya Indonesia, ya mwaka 1815, imo mle. Ukishapata alama kama hizo mbili tatu ambazo tarehe zake zinajulikana, unaanza kuwa na uhakika wa hesabu yako ya miaka.

Kwa sababu miaka inahesabika. Theluji ya kiangazi na ya majira ya baridi hazilingani kwa vumbi wala kwa kemikali, na ukiuweka mche mbele ya taa, mistari inaonekana kwa macho. Ndani ya barafu hiyo mna viputo vya hewa, hewa yenyewe ya wakati ule. Hewa ya aina hiyo kutoka Antaktika ndiyo iliyotuonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kaboni dioksidi haikupita sana sehemu 300 katika kila milioni. Leo imepita 420.

Kinachonigusa zaidi katika historia ya elimu hii ni jinsi ilivyoanza na kitu kidogo. Mwaka 1952 Mdenmark mmoja, Willi Dansgaard, aliweka chupa na faneli uwanjani kwake akinga mvua. Alitaka kujua kama maji ya mvua yana kiasi kilekile cha oksijeni nzito, aina ya oksijeni yenye uzito kupita ile ya kawaida, siku zote. Hayana. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo oksijeni nzito inavyopungua katika mvua na theluji. Akatambua kwamba theluji ya kale ingeweza kutoa habari ya joto la siku ilipoanguka, ilimradi mtu aipate. Mwaka 1966 Wamarekani wakalitoboa bamba la Greenland mpaka kwenye mwamba, pale Camp Century, karibu mita 1,390, na Dansgaard akapata barafu ya kupima. Chupa ya mvua, kisha historia ya dunia. Mimi niliyekulia nyumba ya mabati, mvua ikikingwa kwa ndoo kila masika, nililipenda jambo hilo kuliko mengi niliyosoma.

Siku moja mwalimu alinipeleka kuona kipande kimoja cha mche uitwao NGRIP, uliochimbwa mpaka chini ya Greenland na kukamilika mwaka 2003. Kipande chenyewe kilitoka kina cha mita 1,492 na sentimita 45. Kwa macho hakina ajabu yoyote. Lakini mwaka 2008 wanajiolojia wa dunia walikubaliana kwamba hapo ndipo kipindi tunachoishi sasa kinapoanzia rasmi, miaka 11,700 iliyopita: kipindi chote cha kilimo, miji, majahazi na maandishi. Chini ya mstari ule kuna miaka zaidi ya elfu moja ya baridi kali ambayo wataalamu wanaiita Younger Dryas. Juu yake kuna hali ya hewa tuliyoirithi.

Nilimuuliza, badiliko lenyewe lilichukua muda gani? Nilitarajia karne kadhaa. Mwalimu akaweka mkono wenye glavu juu ya barafu, akatanua vidole.

Kwenye kina kile mwaka mmoja una unene wa sentimita chache tu. Joto la Greenland lilipanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya miongo michache, na hilo peke yake linatisha. Ila zipo alama katika maji yale zinazoonyesha mahali ambapo mvuke ulikuwa unatoka baharini, na alama hizo ziligeuka ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Miaka mitatu, ndani ya shubiri moja ya barafu. Mmarekani Richard Alley na wenzake, waliofanya kazi kwenye mche mwingine, walikwisha kuandika mwaka 1993 kwamba theluji inayoanguka Greenland kwa mwaka iliongezeka maradufu ndani ya muda kama huohuo. Zamani watu waliweza kusema labda mche mmoja una kasoro. Lakini Wazungu wa Ulaya walichimba wao na kufika mita 3,029 mwaka 1992, Wamarekani wakachimba wao kilomita 30 kando, wakafika mita 3,053 mwaka 1993, na barafu zote mbili zikatoa ushahidi uleule. Tena si mara moja. Katika enzi ya barafu iliyopita miruko ya namna hiyo imehesabiwa 25.

Kabla ya hapo, niliposikia mabadiliko ya tabianchi nilifikiria kitu kinachokwenda taratibu: milimita kadhaa mwaka huu, milimita kadhaa mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Ripoti nyingi zinazosambazwa huku kwetu bado zimeandikwa kwa fikra hiyo, mstari ulionyooka unaopanda kidogo kidogo hadi mwaka 2100. Wala si uongo. Kwa muda mrefu bahari imekwenda hivyo. Ila barafu inasema upo upande wa pili wa mambo, na ni upande ambao mtu wa pwani anauhitaji.

Nilimpigia baba simu usiku ule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekushindeni?"

Nikamweleza, kwa Kiswahili cha nyumbani maana cha darasani hakikunitosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, na baba si mtu wa kusikiliza simu hadi mwisho. Kisha akasema, "Miaka mitatu? Basi hapo shehena imehama."

Akanikumbusha. Jahazi lililopakia boriti hulala upande upepo ukilisukuma, na upepo ukipungua hurudi. Linalala, linarudi, hata siku nzima, na abiria asiyejua huogopa bure. Hatari ni pale kamba inapolegea na boriti zikahamia upande mmoja. Hapo hata upepo ukikata, jahazi halirudi. Linabaki limelala, na nahodha hana la kufanya ila kutupa mali ya watu baharini. Na usidhani, akasema, kwamba kamba hulegea wakati wa upepo mkali tu. Upepo wa kawaida, ukikuta kamba imechakaa, unatosha.

Nilimtafsiria mwalimu asubuhi yake. Aliniomba nirudie, akaandika. Kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofikiri wao kuhusu mkondo mkubwa wa bahari ya Atlantiki, ule unaopeleka maji ya uvuguvugu kaskazini, yakapoa, yakazama, yakarudi kusini chini kwa chini. Maji matamu mengi yakimiminika kutoka kwenye barafu, maji ya juu yanakuwa mepesi, hayazami, na mzunguko unadhoofika. Ukidhoofika kupita kiasi, kuondoa kilichoudhoofisha hakutoshi kuurudisha upesi.

Swali la baba lililofuata ndilo lililonisumbua. "Sasa barafu ya huko yanihusu nini mimi mtu wa Tongoni?"

Jibu moja ni la mvua. Katika barafu ya Greenland mna vumbi jembamba lililopeperushwa kutoka majangwa ya Asia. Kwenye miruko ile, vumbi linapungua kwanza, kisha ndipo alama za Greenland yenyewe zinageuka. Maana yake ni kwamba pepo na mvua za nchi za joto zilikuwa zimeshaanza kuhama. Na huku kwetu upo ushahidi mkubwa kuliko vumbi. Takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikauka. Ziwa zima, udongo wa chini yake unaonyesha nyasi na ardhi kavu. Wakati huohuo majabali ya barafu yalikuwa yakimeguka kwa wingi na kuyeyukia Atlantiki ya kaskazini, na wataalamu kadhaa wanayaunganisha mambo hayo mawili. Sijapata kukutana na mvuvi wa Mwanza nikamweleza hili, lakini nimewaeleza walimu wa jiografia wa Tanga, na wote huuliza swali lilelile: mbona halimo vitabuni?

Jibu la pili ni la bahari yenyewe, na hilo ndilo ninalolibeba kila ninapokwenda. Bamba la barafu ni zito kiasi kwamba linayavuta maji ya bahari kulielekea, kwa nguvu ileile ya uvutano inayoleta kujaa na kupwa. Maji yanayolizunguka Greenland yameinuka kwa sababu barafu ipo pale. Barafu ikipungua, mvuto unapungua, na maji yaliyokuwa yamekusanyika yanaachiwa. Bahari iliyo karibu na Greenland inashuka, naam, inashuka, ijapokuwa barafu inayeyukia ndani yake. Zinazopanda ni bahari za mbali, na zinapanda kupita wastani. Sisi tuko mbali. Tuko mbali na Greenland, tuko mbali na Antaktika pia, kwa hiyo kwa yote mawili deni linaangukia huku.

Nilipolielewa hesabu yake nilikaa kimya ofisini hadi chai ikapoa. Greenland imekuwa ikipoteza karibu tani bilioni 270 za barafu kila mwaka tangu satelaiti zilipoanza kuipima uzito mwaka 2002. Ikiyeyuka yote, jambo ambalo lingechukua karne nyingi, bahari itapanda kwa takriban mita 7. Antaktika ina barafu ya mita 58. Hakuna mtaalamu ninayemheshimu anayesema hayo yatatokea katika umri wetu. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti ya mwaka 2021, linaweka kupanda kwa bahari hadi mwaka 2100 kati ya karibu sentimita 28 na mita moja, kutegemea hewa ukaa tutakayotoa. Lakini limeongeza neno ambalo magazeti mengi yaliliruka: kwamba mita 2 haziwezi kuondolewa katika hesabu, iwapo tutaendelea kutoa hewa ukaa kwa wingi na mabamba yakaanza kumeguka kwa njia ambazo bado hazijaeleweka vizuri. Na lililokwisha kutokea linajulikana. Miaka kama 14,600 iliyopita bahari ilipanda zaidi ya mita 10 ndani ya karne chache tu.

Niliporudi likizo, baba alinipeleka Pangani bila kuniambia kwa nini. Kutoka pale tukachukua ngalawa hadi Maziwe, maji yakiwa yamekupwa. Maziwe leo ni fungu la mchanga. Maji yakijaa huoni kitu. Watalii huletwa kuogelea kwenye matumbawe, wakarudi kabla ya maji kupanda.

Baba alikuwa akipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, pale ujanani. Alinionyesha kwa mkono hewani mivinje ilikosimama. Kulikuwa na kivuli, walikausha samaki, walilala, na kasa walipanda usiku kutaga kwa wingi uliokifanya kisiwa kile kijulikane pwani yote. Kisha miti ikakatwa. Mchanga uliposhikwa na mizizi ulikuwa umestahimili kusi zote, na uliobaki bila mizizi haukustahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na kisiwa cha kulala mtu. Kasa wangali wanapanda kutaga juu ya fungu lile, na wahifadhi hulazimika kuchukua mayai na kuyafukia ufukwe wa Ushongo, la sivyo maji ya kujaa yanayaharibu.

"Hakikwenda kidogo kidogo," baba alisema. "Mwaka huu tumelala, miaka michache baadaye hapana pa kutua."

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana nimewahi kusikia Maziwe ikitajwa katika mikutano kama kisiwa kilichomezwa na barafu ya ncha za dunia. Sivyo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 bahari ya dunia imepanda kwa takriban sentimita 20, na hizo zimechangia mahali pengi, lakini Maziwe iliangushwa kwanza na shoka. Tukisema kila kitu ni tabianchi tunawapa nafasi wanaochimba mchanga ufukweni na wanaokata mikoko ya boriti na tanuri za chokaa. Vivyo hivyo kuhusu Kilimanjaro. Huku Tanga watu wengi wanaamini mto Pangani unaishi kwa theluji ya Kibo. Mto unaishi kwa mvua inayonyeshea misitu ya Kilimanjaro na Meru. Barafu ya Kibo ni ndogo mno kuulisha. Chumvi inayopanda mtoni na kudhuru minazi ya Pangani ina uhusiano mkubwa na maji matamu yanayopungua yakichukuliwa huko juu, pamoja na bahari inayosukuma kutoka chini.

Barafu ya Kibo inanihuzunisha kwa sababu nyingine. Hans Meyer, Mjerumani wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889, ndiye yuleyule aliyekamatwa na watu wa Abushiri mwaka 1888 na kuachiwa kwa fidia, kisa wanachokijua wazee wa Pangani. Aliporudi mlimani mwaka 1898 aliona barafu imekwisha kurudi nyuma. Kuanzia 1912 hadi 2000 takriban asilimia 80 ya eneo lake ilitoweka. Mwaka huo wa 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na timu yake walitoboa miche sita pale juu, na katika barafu ile wakakuta tabaka la vumbi la ukame mkubwa wa miaka karibu 4,000 iliyopita. Ile ndiyo kumbukumbu ya mvua ya Afrika Mashariki iliyoandikwa na Afrika Mashariki yenyewe. Ikiisha, imekwisha. Haiongezi bahari hata kidogo cha kuonekana, lakini maktaba ikiungua hatuulizi majivu yake yana uzito gani.

Kwetu tuna kumbukumbu nyingine isiyoyeyuka, na nilikuwa nikiikanyaga tangu utoto. Mwamba ule wa mawe makali ulioinuka ufukweni, uliojenga msikiti na makaburi ya Tongoni na nyumba nyingi za kale za mwambao, ni matumbawe yaliyokufa. Matumbawe hayaoti hewani. Sehemu kubwa ya mwamba huo, kuanzia pwani ya Kenya kuja kwetu, iliota chini ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita 5 hadi 10 juu ya ilipo sasa. (Msichanganye na mapango ya Amboni, chokaa ya kule ni ya enzi ya Jurasi, ya kale zaidi mno.) Dunia wakati ule haikuwa moto kupita kiasi. Ilikuwa na joto la kukaribiana na hili tunaloliendea. Nilipomwambia kaka yangu kwamba jiwe analotaka kujengea msingi ni sakafu ya bahari iliyowahi kuwa juu ya kichwa chake, aliacha kuchimba.

Kaka alikuwa amenunua kiwanja karibu sana na maji. Alitaka nyumba ya wageni, pazuri kweli, jioni unaiona bahari yote. Muuzaji alimhakikishia kwamba maji hayajawahi kufika pale. Hayo ni kweli kwa kumbukumbu ya muuzaji. Tulikaa barazani, baba, kaka na mimi, tukafanya hesabu si ya wastani bali ya siku mbaya. Chukua bamvua kubwa la mwaka. Ongeza upepo wa kusi unaosukuma maji nchi kavu. Ongeza kwamba pepo za Bahari ya Hindi zina miaka zinaishusha bahari yetu na miaka zinaipandisha, kwa hiyo miaka michache ya utulivu isikudanganye. Kisha ongeza mita moja, kwa sababu nyumba ya mawe hujengwa idumu miaka 80, na mwenye kuishi ndani yake mwishoni ni mjukuu ambaye hajazaliwa. Kaka alibishana nami hasa juu ya hiyo mita. Wataalamu wenyewe, alisema, hawana hakika. Nikamjibu kwamba kutokuwa na hakika kwao kumeegemea upande mmoja: ni rahisi zaidi mabamba yale kutushitua kwa kuyeyuka upesi kuliko kutushitua kwa kukaa palepale. Baba akaongeza neno la nahodha, kwamba kamba hukazwa jahazi likiwa bado bandarini. Kaka alibadilisha kiwanja kwa hasara, akapanda juu ya mwamba. Bado hajanisamehe kabisa, na bahari anaiona kwa mbali kidogo.

Kijijini tumepanda mchu na mkoko pale palipokuwa wazi, na tumekubaliana na wazee jambo ambalo naona ni kubwa kuliko miche yenyewe: nyuma ya mikoko kuachwe nafasi isiyojengwa, ili maji yakipanda mikoko nayo ipate pa kurudi. Imekuwa kazi ngumu kuliko kupanda. Kila mtu yuko tayari kupanda mti mbele ya picha. Kumwambia mtu asiuze kipande cha ardhi ya baba yake ni neno zito, na halmashauri haijalitolea uamuzi.

Mimi nimeondoka kwenye barafu. Mwalimu amestaafu na Greenland ina watu wa kutosha. Ninashughulika na tope la mikoko ya mwambao huu, kati ya Tanga na Pangani, kwa sababu tope nalo hujipanga tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna vijidudu vyenye magamba vinavyojua kina chao: vingine vinaishi pale maji yanapofika kila siku, vingine pale yanapofika kwa bamvua tu. Ukivisoma kwa mpangilio unapata bahari ilikuwa wapi, karne baada ya karne, hapa hapa, wala si wastani wa dunia. Kifaa cha kutobolea ni bomba refu la chuma na watu wanne wenye nguvu. Vijana wa kutubebea vyombo wamepatikana, baba amekubali kushika usukani wa mashua, na tunaanza na bamvua la mwezi ujao.